Nguzo Mbili za Lango: Hesabu, Pambo na Kazi ya Mikono Katika Shule ya Msingi

Wako walimu wanaoamini kwamba kazi ya mikono ni mapumziko ya akili. Mtoto akiisha kuchoshwa na hesabu na sarufi, hutolewa nje akachote maji, akafyeke nyasi au akasogeze matofali; kisha hurudishwa darasani, na masomo huendelea. Wako na wengine, nao si wachache, wanaoamini kwamba kila kazi ya mikono ni elimu kwa sababu tu imefanywa katika uwanja wa shule. Makundi haya mawili huonekana kupingana, lakini upungufu wao ni mmoja: hakuna anayeuliza mtoto alifikiri nini wakati mikono yake ilipokuwa kazini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002. Madarasa mengi yalijengwa nchini wakati huo, na wananchi walijitolea kwa moyo. Katika shule niliyosoma tulibeba matofali muhula mzima. Hatukuulizwa hata siku moja yalikuwa mangapi, wala kwa nini fundi aliyapanga kwa kupishana, wala kwa nini alipima ukuta kwa jiwe lililofungwa kwenye uzi. Jengo lilikamilika, nasi tukawa tunajua uzito wa tofali na hatujui jambo jingine lolote kulihusu.

Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alitaka kazi ya shule iungane na masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, kisha waone matokeo ya uamuzi wao. Sehemu ya kazi ilipokewa haraka katika shule nyingi. Sehemu ya kupanga na kuamua ilichelewa, na mahali pengine haijafika hadi leo. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wanachuo wenzangu wa ualimu kazi moja ndogo niliyoishuhudia, ambayo ndani yake watoto walipanga, wakahesabu, na hesabu yao ikabadili uamuzi wa watu wazima.

Mahali na Shauri Lenyewe

Kazi hiyo ilifanyika katika shule moja ya msingi huko Mnyambe, wilayani Newala, nilipokwenda kuwasimamia wanachuo sita waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Msomaji asiyeufahamu Uwanda wa Makonde yampasa kujua jambo moja kwanza, nalo ni maji. Huku juu udongo ni mwekundu na wa kichanga, mvua hunywea chini upesi, na mito haipo. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Na mradi wa kuyasukuma maji kwa mabomba hadi juu ya uwanda ulianzishwa katika miaka ya 1950. Matofali ya shule hiyo yalikuwa yamefyatuliwa bondeni kwenye mfinyanzi, yakachomwa huko, kisha yakapandishwa. Kila tofali, kwa hiyo, lilikuwa maji, kuni na jasho la mtu. Halikuwa kitu cha kuchezea.

Baada ya ujenzi wa vyoo, rundo la matofali lilibaki. Lango la shule lilikuwa na magogo mawili yaliyokwisha kuliwa na mchwa. Kamati ya shule ilitaka nguzo mbili za matofali ya kuchoma, zenye vichwa vinavyotokeza kwa ngazi: yaani kila safu ya juu itokeze kidogo kuliko iliyo chini yake, kisha safu za mwisho zirudi ndani. Fundi mwashi aliyeitwa alikuwa mzee wa kijijini. Yeye alijifunza kwa fundi mwingine aliyepata kufanya kazi Ndanda, ambako wamisionari wa Kibenedikto walifika mwaka 1906, na ambako karakana zao zilitoa mafundi wengi wa kusini. Mzee huyu alikiita kichwa cha nguzo "kilemba," nami nitalitumia neno hilo, kwani silijui lililo bora zaidi.

Mjumbe mmoja wa kamati, mzee mwenye wajukuu watatu shuleni, alisimama kikaoni akasema, "Mwalimu Mkuu, watoto wa darasa la kwanza wanakaa juu ya vumbi. Sakafu imekwisha, mlangoni pana shimo la kuvunja mguu. Nasi tunataka kulivika lango kilemba?"

Kikao kilinyamaza. Wengine walimwona kuwa mpinga maendeleo. Mimi nilimwona kuwa mtu aliyeuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu tulikubaliana kwamba swali lake lisijibiwe kwa maneno. Lipelekwe darasa la sita, wao walihesabu, na kamati ikutane tena baada ya juma moja.

Mraba wa Vyumba Tisa

Somo la kwanza halikuhitaji udongo wala maji. Tofali la hapo lilikuwa na urefu wa sm 24, upana wa sm 11.5 na kimo cha sm 7. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha aliwaagiza watoto wapime matofali kumi na kuandika vipimo, kisha akawauliza: matofali mawili yakilazwa ubavu kwa ubavu, na kati yake pakawa na udongo wa kuungia wa sm 1, upana wake wote ni kiasi gani? Jibu ni sm 24, sawasawa na urefu wa tofali moja. Watoto walidhani ni bahati. Fundi aliwaambia kwamba si bahati. Kalibu ya kufyatulia ilichongwa hivyo kwa makusudi, kwani tofali lisilo na uwiano huo halikubali kupishana.

Kisha yakachorwa ardhini miraba tisa, mitatu kwa mitatu, kila mmoja ukiwa sawa na nusu ya tofali. Swali lilikuwa hili: weka matofali manne mazima, kila moja likifunika miraba miwili, na uuache wazi mraba wa katikati tu. Watoto waligawanyika katika makundi na kutumia vipande vya maboksi. Baada ya dakika chache kila kundi lilikuwa limepata: matofali manne yanazunguka katikati kama watu wanaofukuzana. Kipengee cha katikati hujazwa nusu tofali. Kozi moja ya nguzo, na "kozi" ndilo jina walilolizoea mafundi wetu kwa safu moja ya matofali, ina matofali manne na nusu, na upande wake una sm 36.5.

Mwanachuo alitaka kuendelea mbele. Nilimwomba kwa ishara asubiri, kwa maana binti mmoja alikuwa bado anageuzageuza vipande vyake. Alisema, "Mwalimu, langu linazunguka upande mwingine." Kweli, la kwake lilizunguka kinyume na ya wenzake. Wakaulizwa: je, iko njia ya tatu? Walitafuta sana. Haipo. Miraba minane iliyoizunguka ile ya katikati ni kama mduara, na mduara huo hugawanyika kwa jozi kwa njia mbili tu.

Hapo ndipo fundi alipochukua matofali halisi. Alilaza kozi ya kwanza kwa njia ya kwanza, na kozi ya pili juu yake kwa njia ya yule binti. Kila kiungo cha nje cha chini kikafunikwa na mwili wa tofali la juu. Akalaza nyingine kwa njia moja tu, kozi tatu, akawaonyesha jinsi viungo vya nje vilivyofuatana wima kama ufa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini njia zote mbili zinahitajika. Nakumbuka mtoto mmoja alisema kwamba ukuta wa darasa lao umepangwa hivyo hivyo, naye alikuwa akiutazama kila siku kwa miaka sita.

Tofali Hutokeza Kiasi Gani?

Sehemu ya kilemba ndiyo iliyobeba somo kubwa. Mwanachuo wa pili alikuja na andalio la somo lililoandikwa vizuri sana. Ndani yake alikuwa ameandika kwamba ataeleza ubaoni: "Kila kozi itokeze sm 3." Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo nilimshauri ayafiche mpaka watoto wawe wameangusha kitu. Aliniuliza kwa adabu, "Mkufunzi, dakika arobaini zitakwisha hawajaandika zoezi." Nilimjibu kwamba zoezi litakuja lenyewe na jedwali lake.

Kila kundi lilipewa matofali matano makavu, bila udongo wa kuungia, na uwanja wa nyasi laini. Agizo: yapangeni moja juu ya jingine yakitokeza upande mmoja, na mwone tofali la juu litatoka mbali kiasi gani kupita lile la chini kabisa. Karibu makundi yote yalianza kwa kutokeza sawasawa, sm 6 kila tofali, kwa kuwa mara nne sita ni 24, nao walitaka la juu litoke nje zima. Rundo lilianguka kila mara kabla ya tofali la tano kutulia. Wakapunguza, likasimama, lakini halikufika mbali.

Fundi, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu, akatoa neno moja tu: "Anzeni juu." Maana yake ni hii. Chukua matofali mawili. Sukuma la juu mpaka likaribie kuanguka. Litasimama likiwa limetokeza nusu yake. Sasa yahesabu mawili hayo kuwa kitu kimoja, yaweke juu ya la tatu, uyasukume pamoja mpaka yakaribie kuanguka. Kisha matatu juu ya la nne, na manne juu ya la tano. Kila mara pima.

Kwa hesabu kamili, tofali la sm 24 hutokeza sm 12 kwanza, yaani nusu. Halafu sm 6, robo. Halafu sm 4, sudusi. Halafu sm 3, thumni. Jumla yake ni sm 25, na tofali la juu limetoka zima nje ya lile la chini. Watoto hawakufika 25, kwani tofali la kuchoma halina uso ulionyooka. Kundi lililofanya vizuri zaidi lilipata 11, 5, 3 na nusu, na 2 na nusu, jumla sm 22. Lakini jedwali lao lilikuwa daftarini, na kila mmoja aliona jambo ambalo hakulitarajia: kadiri mzigo wa juu unavyoongezeka, ndivyo hatua ya kutokeza inavyopaswa kupungua. Sehemu zile za nusu, robo, sudusi na thumni, ambazo muhula uliopita walizikariri kama majina ya watu wasiowajua, sasa zilikuwa na uzito na zilikuwa na uwezo wa kuwaangukia vidoleni.

Baada ya hapo mwanachuo alitoa kanuni yake, nayo ilisikilizwa. Katika nguzo yenye udongo wa kuungia, mwashi mwangalifu haruhusu kozi itokeze zaidi ya nusu ya kimo cha tofali, wala zaidi ya theluthi ya upana wake. Kwa matofali yale nusu ya kimo ni sm 3.5, na theluthi ya upana ni karibu sm 3.8, hufuatwa ile ndogo. Kilemba chetu kilihitaji kutoka upande wa sm 36.5 hadi sm 49, maana mraba wa sm 49 hukamilika kwa matofali manane mazima. Tofauti ni sm 12.5, kila upande sm 6.25. Hatua moja haitoshi. Hatua mbili, ya kwanza sm 3 na ya pili sm 3.25, zinatosha, tena ziko chini ya kikomo. Kozi ya kwanza inayotokeza huacha mapengo ambayo hujazwa vipande, nayo hula matofali kama sita. Ya pili hula manane. Kisha kozi mbili hurudi ndani, sita na manne na nusu, na juu kabisa husilibwa kwa saruji yenye mteremko.

Kwa nini kutokeza huko kote? Watoto wa Mnyambe walijibu wenyewe, kwa sababu wanaishi katika nyumba zenye upenu. Maji ya mvua yakifika ukingoni hudondoka mbali, hayachuruziki juu ya uso wa nguzo na kula viungo vyake. Mvua za kusini huja kwa msimu mmoja mrefu, na nguzo isiyo na kilemba huoza kuanzia kichwani. Pambo hili, basi, lina kazi. Watu wa pwani yetu walikwisha kuupenda uzuri wa nguzo tangu zamani; makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni ushahidi. Na ufundi wa kutokeza jiwe juu ya jiwe ni mkongwe sana duniani: huko Ireland, paa la kaburi la Newgrange limejengwa hivyo, nalo lina zaidi ya miaka 5,000. Lakini mtoto wa Kimakonde ana mfano ulio karibu zaidi. Amewaona wachongaji wa mpingo wakitoa katika gogo moja nguzo ya watu waliobebana, ile iitwayo ujamaa, na anajua kwamba aliye chini hawezi kuwa mwembamba.

Hesabu ya Mzee

Sasa nirudi kwenye swali la mzee wa kamati, maana lisingejibiwa, kazi yote ingekuwa mchezo.

Darasa la sita lilihesabu rundo na kupata matofali 320. Kisha walihesabu nguzo kama ilivyopendekezwa. Shina la nguzo, kozi 20 za matofali manne na nusu, ni 90. Kilemba ni 24 na nusu. Msingi, kozi tatu za manane juu ya zege, ni 24. Nguzo moja ni 138 na nusu. Nguzo mbili ni 277. Wakaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika, wakapata 305. Yangebaki 15.

Wakahesabu na sakafu. Tofali likilazwa bapa pamoja na kiungo chake hufunika sm 25 kwa sm 12.5, kwa hiyo mita moja ya mraba inahitaji matofali 32. Rundo zima lingefunika mita za mraba 10. Chumba cha darasa la kwanza walikipima, kikawa na mita 9 kwa 7, yaani 63. Hata lango lisingejengwa kabisa, matofali yote yasingefunika sudusi ya chumba.

Hatimaye wakahesabu bei ya pambo peke yake. Kama nguzo zingeishia bila kilemba, kozi zile nne za juu zingekula matofali 18 badala ya 24 na nusu. Kilemba kimoja, basi, kinagharimu matofali sita na nusu zaidi, na vilemba viwili ni 13. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba mjadala wa uzuri na manufaa hauna mwisho. Yamkini hauna mwisho vitabuni. Pale shuleni ulikuwa na idadi.

Kamati ilipokutana, watoto watatu walisoma hesabu hizo kwa sauti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na zile kozi ishirini, lazima ziwe ishirini?" Watoto waliangaliana. Swali hilo hawakuwa wamejiuliza, wala wanachuo hawakuwa wamelitia katika andalio. Wakaomba ubao. Shina likiwa na kozi 16, nguzo itapungua kutoka sm 192 hadi sm 160. Litakula matofali 72. Nguzo moja itakuwa 120 na nusu, mbili 241, na pamoja na ya kuvunjika ni 265. Yatabaki 55. Matofali 55 yanafunika mita ya mraba moja na nusu na ziada. Shimo la mlangoni mwa darasa la kwanza lilipimwa hapo hapo: lilikuwa dogo kuliko hilo.

Uamuzi ukapita bila kupiga kura. Nguzo zikawa fupi, kilemba kikabaki, na kizingiti cha darasa la kwanza kikapata sakafu. Vumbi lililosalia ndani ya chumba halikuondolewa na hesabu hiyo, na mzee hakusita kuikumbusha kamati kwamba deni lake bado lipo. Alikuwa na haki. Ila sasa aliidai kwa mita za mraba, na kamati haikuweza tena kumjibu kwa kumwambia asubiri maendeleo.

Mipaka ya Kazi ya Mtoto

Yafaa niseme wazi jambo linalohusu usalama. Tofali moja la aina ile lina uzito wa kilo tatu na ushee, na nguzo changa ambayo udongo wake haujashika inaweza kumwua mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari, na mwalimu hana udhuru wa kusema kwamba alikuwa akifundisha kujitegemea.

Katika kazi hii watoto walipima, walihesabu, walipanga kozi kavu ardhini, walishika uzi na timazi, na kila kundi lililaza matofali machache katika kozi za chini, fundi akiwa kando. Nguzo ilipofika kimo cha kifua cha mtoto, waliondoka, kamba ikafungwa kuzunguka eneo, na fundi akaendelea na msaidizi wake mtu mzima. Kilemba alikijenga peke yake, kozi moja inayotokeza kwa siku, asije akatwika mzigo juu ya kiungo kibichi. Watoto walitazama kwa mbali na kuandika tarehe ya kila kozi. Hakuna aliyelalamika kwamba amenyimwa kazi, kwa sababu uamuzi wa kazi yenyewe ulikuwa wao.

Linalomhusu Mwalimu

Ndugu mwanachuo, huenda utapangiwa shule ambako hakuna matofali wala fundi, ila kuna bustani ya mchicha, au banda la kuku, au tuta la kuzuia mmomonyoko. Hayo yote yanafaa. Hoja yangu si kwamba kila shule ijenge nguzo. Nasema kwamba kazi huwa somo pale tu mtoto anapotakiwa kukisia jambo ambalo kazi yenyewe inaweza kulikataa. Rundo la matofali lililoanguka liliwakatalia watoto wa Mnyambe kwa uthabiti ambao mwalimu hana, tena bila kumwaibisha yeyote.

Kwa hiyo kabla hujawatoa wanafunzi darasani kwenda kwenye kazi yoyote, andika katika andalio lako majibu ya maswali haya. Ni jambo gani watakalolikisia? Watalipima kwa chombo gani? Wakikosea, ni kitu gani kitakachowaonyesha, mbali na sauti yako? Ni uamuzi gani wa kweli utakaotegemea hesabu yao? Na ni wapi mikono yao itakapokoma, ya mtu mzima ianze? Ukikosa jibu la swali la nne, fikiri tena, maana watoto hutambua upesi hesabu ambayo hakuna mtu anayeingojea.

Jambo la mwisho ni juu ya fundi. Katika kila kijiji wamo watu wenye maarifa ambayo vyuo vyetu havikuwapa cheti: mwashi, mchongaji, mfinyanzi, msusi wa mikeka. Mwalimu kijana huona haya kumkaribisha mtu wa namna hiyo mbele ya darasa, akidhani heshima yake itapungua. Mkaribishe, mwite kwa jina la heshima analoitwa kijijini, umpe nafasi ya kusema machache na kutenda mengi. Kisha ukae ukutani pamoja na wanafunzi, na kalamu mkononi, uandike anachokifanya. Kesho yake utakuwa na somo la hesabu ambalo hukulipata katika kiongozi chochote cha mwalimu.